Mguu Uliochelewa

Kwa wiki saba Binti Mwalimu alikuwa akimdanganya mwanamume aliyempenda. Alimdanganya kwa vidole viwili tu, kila Jumamosi, mbele ya ukumbi uliojaa watu, na hakuna hata mmoja aliyegundua.

Yeye alipiga gitaa la besi. Mizani alipiga dramu. Katika bendi ya dansi watu hawa wawili ni kama wenye nyumba, na waliobaki ni wageni wao. Mpiga besi hutega sikio kwenye mguu wa kulia wa mpiga dramu, ule unaokanyaga pedali ya dramu kubwa, na noti yake huanguka pale pale mguu unapoanguka. Sauti mbili huwa moja. Zikiachana, wachezaji hawajui kimetokea nini, ila miguu yao hujua. Huanza kurudi vitini mmoja mmoja, wakilalamika kwamba kuna joto.

Jina la Mizani alipewa na Kapteni, kiongozi wa bendi, kwa sababu mapigo yake hayakuzidi wala kupungua. Miezi mitano iliyopita Mizani aliinua spika peke yake ili kuishusha kwenye gari, akasikia kitu kikikatika kiunoni kama uzi. Tangu siku hiyo mgongo ulimuuma, na maumivu yakateremka nyuma ya paja mpaka kisiginoni. Hayo kila mtu aliyajua. Ambalo hakuna aliyelijua, hata mwenye mguu, ni kwamba mguu ulikuwa umeanza kuchelewa. Ulichelewa kidogo mno, unene wa ukucha. Binti Mwalimu aliusikia siku ya kwanza. Angeweza kusema. Badala yake na yeye akachelewa, noti yake ikaanguka pamoja na mguu ule mgonjwa, na kasoro ikazikwa hapo hapo.

Siri ya mtungi aijuaye kata. Lakini kata hii haikunyamaza tu, iliziba ufa kwa kidole. Kapteni naye akazidisha mambo. Mwezi uliopita aliwaita wote wawili pembeni, akawaambia kwamba siku hizi muziki wao umepata uvivu mtamu, unavutika kama asali kwenye kijiko, na kwamba waendelee hivyo hivyo. Mizani alitabasamu njia nzima. Binti Mwalimu alisema kichwa kinamuuma.

Alasiri ya Jumatano alifika mapema kwenye chumba cha mazoezi. Kilikuwa nyuma ya karakana ya seremala, na harufu ya vanishi ilipenya ukutani. Alimkuta Mizani amelala chali sakafuni, miguu juu ya kiti, mikono kifuani.

"Karibu msibani," Mizani alisema bila kugeuza kichwa.

"Marehemu anaongea sana."

"Marehemu anahesabu. Bado pumzi sita." Alizimaliza, akajiviringisha ubavu, akainuka kwa kusukuma mikono, taratibu, kama alivyofundishwa na mtaalamu wa viungo. Uso ulikunjamana mara moja tu, kisha ukanyooka. Alimtazama kwa namna ile iliyokuwa ikimfanya Binti Mwalimu asahau alichokusudia kusema. "Nina habari. Nimeshaamua."

Akamweleza. Daktari wa mifupa alikuwa amemwonyesha picha ya mgongo wake. Kile kimto laini kilichoko kati ya pingili mbili za chini kilikuwa kimetoka mahali pake, na kipande chake kilikuwa kinabana mshipa wa fahamu uendao mguuni. Njia zilikuwa tatu. Ya kwanza ni mazoezi na subira, kwa kuwa wengi wa namna yake hupona bila kisu. Ya pili ni sindano ya mgongo, ambayo hutuliza maumivu kwa muda lakini kipande hukiacha pale kilipo. Ya tatu ni upasuaji: chale fupi, kipande kinatolewa, mgonjwa anasimama kesho yake, na dramu anazisahau miezi mitatu. Ijumaa asubuhi alitakiwa kurudi na jibu.

"Nachagua mazoezi," alisema. "Na unajua kilichoniamulia? Daktari aliniuliza swali moja mara mbili: mguu umepungua nguvu? Niliposimama kwa ncha za vidole pale mbele yake niliyumba kidogo, akasema labda ni maumivu, labda sivyo. Akaniuliza, kazini umeona tofauti? Nikamwambia, daktari, kuna mtu mmoja duniani ambaye mguu wangu ukilegea atajua kabla yangu. Na hajasema kitu."

Binti Mwalimu alikuwa akifungua mkoba wa gitaa. Zipu ilikwama, au mkono ndio uliokwama.

"Akasemaje?"

"Akasema basi tunaweza kusubiri. Lakini mguu ukianza kupoteza nguvu, nisikae nyumbani hata wiki moja, kwa sababu mshipa ukibanwa muda mrefu unaweza usirudi kama ulivyokuwa." Alichukua vijiti vyake, akavizungusha vidoleni. "Kwa hiyo Ijumaa naenda kwa daktari, na Jumamosi nakuja kwenu kumwona baba yako. Nimenunua na shati."

Binti Mwalimu alimfikiria baba yake. Alikuwa mwalimu wa hesabu aliyestaafu, mtu wa maneno machache, na asubuhi ile ile alikuwa ameyatumia karibu yote mezani. Alisema hana ugomvi na muziki, wala na mgongo, kwa kuwa mgongo ni ajali na ajali haina mwenyewe. Alichokiogopa ni kingine. Mwezi uliopita alimwona yule kijana akipanda ngazi za nyumba yao huku anatabasamu na jasho linamtiririka hadi kwenye kola. "Mtu anayecheka huku anaumia atamfundisha na mkewe kucheka hivyo," baba alisema, kisha akaendelea kupaka siagi mkate wake. Binti angejibu nini, na somo lenyewe alikwisha kulihitimu?

Alichomeka waya wa gitaa.

"Kaa kwenye dramu," alisema. "Kabla wenzetu hawajafika."

"Wimbo gani?"

"Wowote ule wa taratibu."

Mizani alikaa, akarekebisha ule mkanda mpana wa turubai ambao dada yake alimshonea, akaanza. Mkono wa kulia ulitembea juu ya toazi, mwepesi, sawasawa, kama mtu anayejua njia ya kwao. Mara chache za mwanzo vidole vya Binti Mwalimu vilifuata mguu, kwa mazoea. Kisha akafumba macho, akauacha mguu, akaufuata mkono.

Sauti ikapasuka mara mbili. Mahali palipokuwa na pigo moja pakawa na mawili, kama mgeni anayebisha hodi kwa wasiwasi. Mizani alikunja uso, akaendelea. Hodi ile ikarudi, tena na tena.

Aliacha. "Umetangulia."

"Sijatangulia. Nimefuata mkono wako."

"Unafuataje mkono? Siku zote unafuata mguu."

"Piga peke yako. Mkono na mguu tu."

Alimtazama kitambo, kisha akapiga peke yake. Mtu aliyepiga dramu miaka kumi na miwili hahitaji mtu wa kumtafsiria anachokisikia. Alipiga mara nane. Akaongeza nguvu, akapiga nane nyingine, akiinua paja zima kuusukuma mguu. Mara ya tatu akapiga nne tu, akaviweka vijiti juu ya ngoma ndogo, polepole, kama vitu vya kuvunjika.

"Tangu lini?"

"Wiki saba."

"Na wiki zote hizo wewe ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa nakusubiri," Binti Mwalimu alisema. "Kila pigo. Nilikuwa nachelewa na wewe."

Upande wa pili randa ya seremala ilikuwa ikienda na kurudi. Mizani hakupaza sauti. Pengine angepaza ingekuwa nafuu.

"Kapteni aliponisifu," alisema, "nilikwenda nyumbani nikamwambia dada kwamba hata na mgongo huu nimeongeza kitu kwenye muziki. Mwenyewe nilijisikia. Kumbe nilikuwa nasifiwa ugonjwa."

"Niliogopa Kapteni angetafuta mpiga dramu mwingine."

"Hilo ni langu kuliogopa."

"Na niliogopa kwa ajili yangu pia. Ukiondoka hapo nyuma yangu, mimi nakuona saa ngapi? Nilikuwa naiba siku, Mizani. Nilisema wiki hii moja tu, halafu nyingine moja tu."

Aliinuka, akashika ukuta, akasimama mpaka maumivu yakampisha. "Mgongo wangu ulinificha ukweli, sawa, ni mgongo," alisema. "Lakini wewe ulikuwa sikio langu. Nilikuamini kuliko nilivyojiamini." Akatoka kupitia karakana, mguu wa kulia ukiburuza vumbi la mbao, na safari hii hata yeye aliona.

Siku ya pili yake Binti Mwalimu hakula mchana. Alikwenda kwenye duka la dada yake Mizani, fundi cherehani, ambako Mizani aliishi katika chumba cha nyuma kilichotenganishwa na pazia. Fundi alikuwa akishona sare za shule. Hakuinua macho wala hakusimamisha cherehani.

"Amenieleza," alisema. "Nilitaka nikukasirikie vizuri, lakini nina sare arobaini za kumaliza. Kaa hapo."

Binti Mwalimu alikaa juu ya marobota ya kitambaa, akaomba radhi. Fundi alimsikiliza, akamwambia kwamba alishaanza kuzoea wazo la kumwita wifi na sasa wazo limerudishwa kabatini. Akasema yeye hakutaka kusikia habari za kisu. Jirani yao mmoja aliingia hospitali kwa miguu yake akatoka kwa kiti cha magurudumu, na kaka yake huyu ndiye pekee aliyebaki naye wa tumbo moja. Ndiyo maana aliyashangilia mazoezi. Ndiyo maana, alisema, sauti ikishuka, hata yale ya suruali aliyanyamazia.

"Ya suruali?"

Cherehani ilisimama.

Fundi alitazama pazia, kisha akatazama mikono yake. Akaeleza kwa sauti ndogo. Wiki tatu zilizopita alimpima kaka yake suruali mpya. Mguu wa kushoto ulikuwa kama siku zote. Kwenye wa kulia, tepu ilimpa kipimo pungufu pale kwenye shavu la mguu. Alipima mara tatu. Kisha akapunguza kitambaa upande ule, kidogo tu, ili suruali isining'inie, ili mwenyewe asiuone mguu unavyokonda.

"Kwa hiyo mko wawili," sauti ilisema.

Mizani alikuwa amesimama ameshika pazia. Ndevu hakuzinyoa, na shati lilikuwa la jana.

"Mmoja ananiziba kwa besi, mwingine kwa sindano na uzi," alisema. "Nani mwingine ana habari za mguu wangu? Niende nikamuulize fundi viatu?"

Hakuna aliyecheka mara moja. Kisha dada yake aliguna, Binti Mwalimu akashusha kichwa, mabega yakimtikisika, na haikujulikana kama ni kicheko au kilio mpaka aliponyanyua uso. Vilikuwa vyote viwili.

Mizani aliegemea meza ya kukatia. Alisema usiku kucha alikuwa na hasira ya kutosha watu watatu, na kulipokucha akagundua kwamba wa tatu ni yeye. Mwanzo wa wiki saba zile kulikuwa na siku ambayo kiatu kilimvuka ngazini. Alijiambia kamba imelegea. Kulikuwa na siku alipoanza kuinua paja ili kukanyaga pedali, na akajiambia ni mtindo mpya.

"Sikusamehe leo," alimwambia Binti Mwalimu, macho yake yametulia juu yake. "Nikisema nimekusamehe nitakuwa nacheza mchezo ule ule. Lakini kesho nataka uje. Useme mbele ya daktari ulichokisikia, jinsi ulivyokisikia, bila sukari. Na wewe dada uje na tepu yako."

"Na ukiniuliza uchague nini?" Binti Mwalimu aliuliza.

"Sitakuuliza."

"Vizuri. Maana singekujibu."

Ijumaa walisubiri watatu penye benchi la hospitali, Mizani amesimama kwa kuwa benchi lilimuumiza. Ndani, Binti Mwalimu alieleza. Daktari, mwanamama mwenye kalamu mbili mfukoni, alisikiliza kama mtu anayesikiliza moyo; akauliza kama uchelewaji ulikua wiki hadi wiki, akaambiwa ndiyo, ulikua. Fundi akatoa vipimo vyake kwenye karatasi. Kisha Mizani akaambiwa asimame kwa ncha za vidole, mguu mmoja mmoja, mara kumi. Wa kushoto ulimaliza kumi. Wa kulia ulipanda mara tatu, ya nne ukatetemeka, ya tano haukupanda.

Daktari hakuwatisha. Alisema wiki saba si mwisho wa dunia, ila si za kuongezwa. Njia ya subira ilikuwa nzuri kwa mguu wenye nguvu. Kwa mguu huu hakuishauri tena. Fundi alimuuliza wazi kuhusu kiti cha magurudumu, akajibiwa wazi kwamba hatari ya namna hiyo ipo, ni ndogo sana, na yeye hawezi kuiita hakuna. Hata ahadi ya mguu kurudi wote hakuitoa. Kipande kitatoka, mshipa utaamka kwa kiasi chake.

Watu wote wakamtazama Mizani. Yeye alimtazama dada yake kwanza, muda mrefu, mpaka dada akafumba macho akatikisa kichwa kukubali. Binti Mwalimu alikuwa ameyaelekeza macho yake sakafuni, kama alivyoahidi.

"Nipasue," Mizani alisema.

Walipewa siku: baada ya siku kumi na mbili. Kapteni alipoarifiwa kwa simu aliomba wamsamehe kwa ile asali, na akasema atamwazima mpiga dramu wa bendi nyingine kwa miezi mitatu. Kwenye ukumbi wa hospitali Mizani alimgeukia Binti Mwalimu.

"Huyo mpya akichelewa," alisema, "usimsubiri hata siku moja."

"Ataanguka peke yake."

"Ndivyo ninavyotaka." Akatembea hatua mbili, akasimama. "Kuhusu Jumamosi."

Binti Mwalimu alijiandaa kuisikia ikiahirishwa. Alikuwa ameshajiambia usiku kwamba ni haki.

"Mwambie Mzee saa kumi," Mizani alisema. "Nikienda baada ya kupona nitakuwa nimemletea mtu mwingine."

Jumamosi saa kumi kamili alikuwa mlangoni, ndani ya shati jipya, na jasho la ngazi likiwa usoni. Hakutabasamu. Alisimama kizingitini akahema waziwazi, mkono kiunoni, mpaka pumzi zikarudi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Pita ukae."

Palikuwa na kiti kimoja kilichoandaliwa kwa ajili ya mgeni, cha mbao, chenye mto. Binti Mwalimu, aliyekuwa akileta chai, alikiona, akaona na jinsi Mizani alivyokitazama. Ni kiti ambacho kijana yeyote angekikalia, hata kama kina miiba, mbele ya mtu anayemwomba binti.

"Naomba nisimame, Mwalimu," alisema. "Nikikaa nitaumia, na nikiumia nitashindwa kusema vizuri nilichokuja kusema."

Mizani akasema akiwa amesimama, viganja vimeshika mgongo wa kiti kile. Alieleza habari ya kimto na mshipa, ya upasuaji, ya miezi mitatu. Alisema mguu unaweza kurudi wote, unaweza kurudi nusu. Alisema kwamba binti yake Mwalimu alijua kabla ya wote na alinyamaza, na kwamba yeye mwenyewe alijua akakataa kujua, kwa hiyo hakuja kumshitaki mtu.

Binti Mwalimu alibaki na sinia mikononi. Baba alimgeukia, akamtazama kwa macho yale ya darasani, na yeye hakuyakwepa.

"Ni kweli?"

"Ni kweli, baba. Wiki saba."

Mzee aliirudisha miwani yake puani. Akamuuliza Mizani swali moja tu, kwa sauti ya mtu anayetaka jibu pamoja na njia ya kulipata. "Na mguu usiporudi?"

"Nitaona ninaweza kupiga nini kwa mkono. Nisipoweza, nitafundisha. Hilo sijalimaliza kulifikiri, Mwalimu, na sitaki kukudanganya kwamba nimelimaliza. Wala sikuja kuchukua jibu leo. Nimekuja unione nilivyo, ili ukikataa ukatae mimi, na ukikubali usije ukashangaa."

Saa ya ukutani iliendelea na kazi yake. Mwalimu aliweka mikono juu ya mikono ya kiti chake, akajisukuma juu. Magoti yake yalilia. Yalikuwa na umri wake. Akasimama wima mbele ya yule kijana, wakawa macho kwa macho.

"Mimi na wewe tuna mengi ya kuzungumza," alisema. "Haifai mmoja akae." Kisha, bila kugeuka: "Mwanangu, usiweke chai chini. Tupe mkononi."

Binti Mwalimu akawapa vikombe, wa kwanza baba yake, wa pili Mizani. Cha tatu akakichukua mwenyewe, akaenda akasimama nao.